Kufundisha Ngumi Kasulu

Niliondoka Tanga mwezi wa pili mwaka 2013, kwa sababu ya simu ya Bakari. Tulijifunza karate pamoja tangu ujana, ndani ya ghala la katani lililoachwa karibu na reli, na mkanda mweusi tulivishwa siku moja. Baadaye yeye akawa bwana shamba wa serikali. Mimi nikawa mtu wa kuhamahama: karani wa stoo Moshi, mlinzi Arusha, msimamizi wa mashine ya kusaga Babati. Kwenye simu alisema ana darasa la karate Kibondo, analo jingine dogo Kasulu, na goti lake limegoma.

"Sudi, njoo unisaidie hata miezi sita," alisema. "Kwani huko unafanya nini cha maana?"

Sikuwa nafanya cha maana. Ghala letu lilikuwa limeshavunjwa, nami nilikuwa na mazoea ya kupita pale jioni kutazama majani yaliyoota mahali tulipokuwa tukisimama mstari. Nilikunja sare mbili nyeupe, nikafunga mkanda juu yake, nikamuaga dada yangu.

Siku ya kwanza nililala Dodoma, siku ya pili Kahama. Siku ya tatu, baada ya Nyakanazi, lami iliisha. Askari mwenye bunduki alipanda basi kutulinda na majambazi, akakaa nyuma ya dereva, na abiria wakafunga madirisha bila kuambiwa. Vumbi liliingia hata hivyo. Mama aliyekaa pembeni yangu alinipa kipande cha kitenge nijifunge puani. Alipoteremka Kakonko alikataa nimrudishie. "Utakihitaji, Kibondo bado," alisema. Kweli ilikuwa bado.

Kibondo nilifika saa kumi na moja jioni, nywele zimekuwa nyekundu. Bakari alinipokea akichechemea. Kesho yake alinipeleka kwenye darasa lake, chumba cha shule ya msingi ambacho madawati yake husukumwa ukutani baada ya masomo. Wanafunzi wake karibu wote walikuwa watumishi wa serikali waliopangiwa kazi huko: tabibu kutoka Mbeya, walimu wawili wa Kilimanjaro, karani wa Mtwara.

"Tatizo la darasa hili ni barua za uhamisho," Bakari alisema. "Mtu akifika mkanda wa kijani tu, barua hiyo. Nimeshafundisha nusu ya nchi bila kutoka Kibondo."

Kwake nilijifunza mambo ambayo Tanga hatukuyajali. Jioni za Kibondo ni baridi, na msuli wa mtu aliyetoka kukaa ofisini hukatika upesi. Kwa hiyo robo saa nzima ya kwanza hakuna teke, ni kutembea, kuchuchumaa na kuzungusha mabega. Mkufunzi akae mahali ambapo anaona miguu, kwa sababu makosa ya ngumi huanzia kwenye kisigino. Na asimsahihishe mtu mmoja zaidi ya mara mbili kwa siku. Ya tatu haisikiki. Nilicheza na kila mmoja wa wale watumishi. Tabibu wa Mbeya alinipiga mbavuni mara mbili, karani mara moja mdomoni. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, sikushangaa.

Mwezi wa nne Bakari alinituma Kasulu. Njia ilikuwa matope. Pale Makere walipanda watu wa kambi ya Nyarugusu wenye mabunda ya vitenge, na mmoja, Mkongo wa makamo mwenye shingo nene, aliona mkanda ukining'inia kwenye mfuko wangu.

"Weye ni mutu ya karate?" aliuliza. "Karate ni mangumi tu. Siye kwetu judo, mwezi muzima tunafunza kuanguka. Mutu asiyejua kuanguka anaogopa. Mutu anaogopa, hawezi piga."

Nilimwambia nitalifikiria. Nililifikiria, na tangu hapo kila darasa langu jipya limeanza na kuanguka.

Kasulu ni mji wa vilima. Ukitoka sokoni kwenda popote unapanda au unateremka, na udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Darasa lilikuwa kwenye ukumbi uliokuwa ukipangishwa kwa harusi siku za Jumamosi, na siku nyingine msimamizi wake alitupa kwa bei ndogo kwa sababu Bakari alikuwa na cheti cha ukufunzi na jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kibali cha darasa. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, wote wenyeji: wafyatua matofali, wasukuma baiskeli za ndizi, fundi cherehani, na mwanamke mmoja wa miaka thelathini hivi, Devota, aliyeuza tangawizi sokoni. Alitoka Munanila, karibu na mpaka wa Burundi.

Kila mkufunzi wa karate hutumia miezi kumfundisha mtu asonge mbele bila kichwa kupanda na kushuka. Devota alifanya hivyo siku ya kwanza. Nilimuuliza amejifunza wapi.

"Kujifunza nini, mwalimu?"

"Kutembea hivyo."

"Ni kutembea tu," alisema. "Ukibeba karai la tangawizi ukateremka mlima, ukirukaruka si utalimwaga?"

Wiki iliyofuata niliwabebesha wafyatua matofali ndoo za maji kichwani, wakavuka ukumbi kwa hatua za karate. Walilowa wote. Devota aliwacheka mpaka akakaa chini. Lakini baada ya mwezi miguu yao ilikuwa imetulia, na njia hiyo naitumia hadi leo.

Waha, wenyeji wa Kasulu, ni watu wa heshima ndefu. Mdogo akikutana na mkubwa huinama, humgusa mikono, hupiga makofi taratibu, na salamu huulizia nyumba nzima. Wanafunzi wangu walinisalimu hivyo kila siku kabla ya mazoezi, nami niliona ni jambo zuri, linafanana na nidhamu ya karate. Baada ya salamu tulicheza mapambano. Miezi mitano nilipambana na wote kumi na mmoja, na hakuna aliyenigusa hata mara moja. Nilimwandikia dada yangu kwamba hewa ya milimani imenirudishia miguu ya ujana.

Mwezi wa kumi barua ya uhamisho ilimfikia Bakari mwenyewe. Lindi. Alipokuja Kasulu na habari hiyo, msimamizi wa ukumbi alituita.

"Mwenye cheti akiondoka, kibali kimekufa," alisema. "Wewe Sudi unabaki?"

Nilisema sibaki. Cheti nilikuwa nacho, lakini miezi sita niliyoahidi ilikuwa imeshapita, na nilishaanza kuamka asubuhi nikitazama mabasi.

"Basi nileteeni mwenyeji mwenye cheti kabla ya mwezi wa kumi na mbili. La sivyo ukumbi nawapa watu wa harusi wiki nzima."

Mwenyeji aliyefaa alikuwa mmoja. Devota alijua mitindo yote, na jioni nilipochelewa alikuwa ameshalipanga darasa na kuliendesha. Nilipomwambia, aliuliza, "Nikishindwa, hawa wataenda wapi?" Nilimwambia ukweli: hawatakuwa na pa kwenda.

Jumatatu moja Mzee Tobias alifika kutoka Mwanza. Ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kutoa vyeti kanda yetu, mtu wa miaka karibu sitini, mwembamba, mvi tupu. Mtihani ulikuwa na sehemu tatu: kuonyesha mitindo, kufundisha somo, na kupambana na mtahini dakika mbili na kumgusa sawasawa angalau mara moja. Sehemu mbili za kwanza Devota alizimaliza vizuri hata mzee akaacha kuandika akawa anatazama tu. Ya tatu ilikuwa aibu. Kila alipofika, ngumi yake ilisimama shubiri moja mbele ya kifua cha mzee. Mara nne. Mara ya tano aligusa kola kidogo, papo hapo akashusha mikono, akainama. "Pole, baba."

Mzee Tobias alifunga daftari. "Huyu binti ana kila kitu isipokuwa ngumi. Nateremka Kigoma kuwapima wengine. Jumamosi napita tena hapa asubuhi. Kama ameipata, sawa. Kama hajaipata, nisipotezewe muda."

Alipotoka, nilimkalisha Devota kwenye ngazi za ukumbi.

"Ulikuwa unaogopa?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa mbona hukumpiga? Nafasi ulikuwa nazo tele, nimeziona."

"Ni mtu mzima yule. Ni baba yangu kabisa. Nitampigaje mbele ya watu? Mimi nauza sokoni, kesho watasema yule mwanamke anapiga wazee."

"Ni mchezo, Devota. Mbona mimi na wewe tunapigana kila siku?"

Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, kwani wewe nimekugonga lini?"

Nilitaka kujibu, nikakosa tarehe. Nyuma yetu fundi cherehani, aliyekuwa akifunga viatu, aligeukia ukuta, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikamuuliza na yeye.

"Ah, mwalimu," alisema. "Wewe ni mgeni, halafu ni mkubwa. Tungekugonga tungeonekanaje?"

Jioni ile sikula vizuri. Niliyahesabu mapambano ya miezi ile na kuyaona upya, moja moja: jinsi wafyatua matofali walivyokuwa wakikosa kwa nafasi ileile, shubiri moja. Kosa halikuwa lao. Niliwafundisha kuinama mara mbili kwa siku na sikuwahi kuwafundisha kwamba kunipiga ndiyo kazi niliyokuja kuomba. Mkufunzi ambaye haguswi hajui wanafunzi wake wamefika wapi, wala yeye mwenyewe amefika wapi.

Jumanne asubuhi nilinunua vibanio vya nguo sokoni, vya mbao, dazeni moja. Nilivibana kwenye sare yangu: kifuani, mbavuni, tumboni. Nikamwambia Devota asinipige mimi. Avitoe vibanio kwa ngumi, mimi nitazuia.

Alizunguka muda mrefu. Cha kwanza alikigusa kwa ncha za vidole kama anayemtoa mdudu mgongoni mwa mtu. Cha pili alikipiga, kikaruka, na pumzi yangu ikatoka nacho.

"Pole, mwalimu!"

"Umekipiga kibanio. Mpe pole kibanio."

Darasa lilicheka. Mpaka Alhamisi alikuwa anamaliza dazeni nzima kabla sijazuia hata vitatu, na wenzake walikaa ukutani wakishangilia.

"Mwalimu leo kaanikwa!"

"Mgeuze, Devota, upande wa pili bado mbichi!"

Ijumaa tuliviondoa vibanio, na mkono wake ukasimama tena shubiri moja. Tulijaribu mpaka jasho likatukauka mwilini. Nilimwambia aende nyumbani. Sikuwa na ushauri mwingine, na tiketi yangu nilikuwa sijakata, kwa sababu ikishindikana sikujua kama ningekuwa na uso wa kuondoka.

Jumamosi saa mbili asubuhi ukumbi ulikuwa tayari umepambwa kwa harusi. Mzee Tobias alivua viatu chini ya maua ya plastiki. Devota aliingia na kumsalimu kwa salamu ndefu ya kwao: aliinama, akamgusa mikono, akapiga makofi, "Mwakeye, baba." Kisha hakusogea.

"Baba," alisema, "leo nitakugonga. Naomba unisamehe kabisa sasa hivi, nisije nikaomba katikati."

Hilo hakufundishwa na mimi. Mzee alimtazama, akanitazama, akakohoa. "Nimekusamehe," alisema. "Tuone kama utanifikia."

Alimfikia sekunde chache baadaye. Ngumi ilikwenda chini ya titi la kushoto, fupi, bila kelele. Mzee alirudi hatua mbili na kukaa kwenye kiti cha bibi harusi. Devota alibaki kwenye mstari, mikono juu, bila kumpa pole. Mzee alipoweza kusema, alisema, "Haya, simama sawasawa. Dakika hazijaisha," akanyanyuka wakaendelea. Alimgonga tena mara mbili.

Cheti kiliandikwa juu ya meza ya keki. Jumatatu msimamizi alibadilisha jina kwenye kibali.

Nilikata tiketi ya Alhamisi. Jumatano jioni nilikwenda ukumbini kuaga, nikamkuta Devota mbele na darasa limepanga mstari, watu wapya watatu wamo. Nilisimama mwishoni kama mwanafunzi. Alinisahihisha goti mara mbili, ya tatu akaniacha. Mwishoni aliniita katikati tupambane, darasa lione.

Nilimwambia kwa sauti ndogo asinionee huruma.

"Ego, mwalimu," alijibu. Ndiyo.

Tulicheza dakika mbili. Alinifikia mara tatu, na kila mara ngumi yake ilisimama shubiri moja mbele ya kifua changu. Wale wapya walipiga makofi, wakaambiana kwamba mwalimu wa zamani bado ana miguu. Miezi mitano ngumi zile zilikuwa zikisimama mbele yangu bila mimi kujua. Siku hiyo niliziona zote tatu. Devota alijua kwamba nimeziona, na haikuwa huruma. Tuliinamiana, naye akarudi mbele ya darasa lake. Kesho yake alfajiri nilipanda basi la Nyakanazi.