Kwa Nini Tulirudi na Gitaa la Kahawia

Ndugu wanakwaya, tangu turudi kutoka Kigali nimeulizwa swali moja kisimani, sokoni na hata mlangoni mwa kanisa: kwa nini tulileta gitaa la kahawia lenye rangi iliyochuruzika, wakati lile jekundu linalong'aa mwalimu alikuwa ameshalinunua? Mlitoa kahawa yenu debe kwa debe, kwa hiyo mna haki ya kujua. Mimi kusema mbele za watu siwezi, mnanifahamu. Haya nimeyatoa kwenye daftari langu la kila siku, nikayapanga kuanzia tulipoondoka.

Sababu ya safari hamjaisahau. Gitaa letu la zamani lilivunjika shingo wiki ya Pasaka, na mkutano wa makwaya ni mwezi wa nane. Mwalimu Festo hakutaka tena gitaa la ubao mtupu. Alisema sauti yake ni kijiko kwenye sahani. Alitaka gitaa la umeme lenye tumbo jembamba na mashimo mawili kama masikio. Alinieleza kwamba ndani ya gitaa la namna hiyo, katikati, hupita gogo la mbao toka shingoni mpaka mkiani, na pembeni mwa gogo ni wazi. Uwazi unaleta utamu, gogo linazuia makelele. Akanichukua mimi kwa sababu mama yangu mdogo ameolewa Kigali, tungepata pa kulala, na kwa sababu mimi ndiye ninayelinganisha nyuzi kabla ya ibada, peke yangu, chumba cha nyuma. "Editha, sikio lako ni la mbwa," husema. "Mdomo ndio hatujui uliuacha wapi."

Jumatatu asubuhi, likizo ya mwezi wa sita mwaka huu wa 1990, tulipanda lori la kahawa kutoka Ngara mpaka Rusumo. Darajani tukashuka, tukaonyesha karatasi zetu, tukavuka kwa miguu. Maporomoko yananguruma chini yako na nguo zinalowa bila mvua. Upande wetu magari hukaa kushoto, ng'ambo hukaa kulia. Na saa nayo hubadilika: ya mwalimu ilisema saa tano, ya ofisi yao ilisema saa nne.

"Tumepewa saa moja ya bure," alisema akirudisha mshale nyuma. "Tusiitumie vibaya."

Kutoka Rusumo tulipanda basi, na barabara ni lami tupu. Kibungo, Kayonza, Rwamagana, migomba kila upande. Kwa kuwa tulikuwa kulia, kila kona nilifumba macho nikidhani lori linalokuja linatugonga. Jua lilikuwa limeanza kulainika tulipofika njia panda ya Sonatubes, na hapo ndipo nilipouona mji vizuri: kilima juu ya kilima, mabati yanametameta, barabara inashuka ili ipande tena. Kigali haina mahali tambarare pa kuweka ndoo.

Jioni ya Jumatatu, Biryogo. Mama mdogo Konsolata, ambaye mtaani anaitwa Mama Hadija, alinikumbatia hadi miwani yangu ikaanguka. Mume wake, Baba Rajabu, ni fundi cherehani. Babu zake walikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake bado kina chumvi ya huko, ila Kinyarwanda kimekwisha kukaa ndani yake. Hata kabla ya chai alishika koti la mwalimu, akaligeuza ndani nje.

"Mwalimu, hili ulishonewa na seremala?"

"Lina ubaya gani? Watu wote wanalisifu."

"Wanasifu mgongo. Mimi nasoma tumbo." Alimwonyesha uzi uliorukaruka kwenye kwapa. "Fundi hukudanganya nje, sha. Ndani hana muda wa kudanganya."

Mwalimu alicheka sana. Mimi nilicheka kidogo, kwa heshima.

Jumanne, saa tatu asubuhi, Muhima. Duka lenyewe ni la redio na kanda, na magitaa yananing'inia ukutani kama nyama buchani. Muuzaji aliitwa Kalisti, mtu wa tabasamu na kalamu sikioni. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri.

"Karibu, mwarimu. Iko namna mbili tu. Hii nyekundu iko ya Japani. Hii ya rangi ya chai iko ya Korea. Kampuni iko moja, jina iko moja, viwanda iko mbili."

"Umeme unarudi saa ngapi?"

"Eh, umeme! Umeme haikuniambia."

Nikapewa yote mawili niyalinganishe nyuzi. Nawaandikia kama ilivyokuwa. La kahawia lilikuwa na rangi iliyochuruzika karibu na shingo na kukaukia hapo, kama mtu aliyelia asijipanguse. Lakini nilipopitisha mkono shingoni, vyuma vyake vinavyokatiza shingo vilikuwa vimelainishwa mpaka ncha. Lile jekundu liling'aa hata nikauona uso wangu, na ncha za vyuma vyake zikanikwaruza kidole mpaka damu ikatoka. Nikaificha kwenye sketi.

Kisha nikagonga kwa kifundo cha kidole, polepole, kama ninavyogonga papai. Lile la kahawia pembeni liliitika, lakini katikati lilisema ndu, kama mlango ambao mtu amesimama nyuma yake. Lile jekundu liliitika kila mahali. Pembeni ngoma, katikati ngoma.

Mwalimu akalishika jekundu, akapiga wimbo wetu wa kuingilia. Duka zima lilijaa sauti. Akapiga lile la kahawia. Ilibidi niiname ili nisikie.

"Unaona?" alisema macho yakimng'aa. "Hili linasema hata bila umeme!"

"Japani, mwarimu," alisema Kalisti. "Kama Toyota."

Nilikumbuka gitaa la shule yetu, lile la kawaida la tumbo tupu lililobandikwa sumaku ya kunasa sauti. Kila tuliposogea karibu na spika lilipiga mluzi, tukazomewa. Na kanisani kwetu waya ni mfupi. Mpiga gitaa husimama hatua moja tu kutoka kwenye spika. Haya yote yalinipitia kichwani nimeshika gitaa mkononi. Mwalimu akanigeukia.

"Editha, unaonaje?"

Yeye na Kalisti wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Ni zuri, mwalimu." Akalipa papo hapo.

Jumanne, alasiri. Mwalimu alikwenda kumsalimia rafiki yake wa chuo. Baba Rajabu akaomba kuliona gitaa. Kupiga hajui, hata kulishika alilishika kama mtoto aliyelowa. Akachungulia kwenye shimo moja, akaagiza tochi na kioo kidogo anachowapa wateja wajitazame.

"Yewe! Nani amelia humu ndani?" Gundi ilikuwa imetiririka na kukauka matone matone. Akasogeza tochi zaidi. "Tena njoo uone. Nimulike huku, mwanga unatokea kule. Ndivyo inavyotakiwa?"

Nikaangalia. Mwanga uliingia shimo la kushoto ukatokea shimo la kulia, haukuzuiwa na kitu. Gogo halikuwepo.

"Hapana, Baba mdogo. Katikati palitakiwa kuwe na mti."

"Ulijua dukani?"

Nilikifuta kioo kwa sketi. Nadhani alinisoma tumbo.

"Umwambie wewe, Baba mdogo."

"Mimi? Mimi najua vifungo." Akanirudishia gitaa. "Nikimwambia, atasema fundi cherehani ana wivu wa koti. Wewe ndiye mwenye sikio."

Mwalimu aliporudi alikuwa anaimba. Wakati wa chakula nilifungua kinywa mara mbili, mara zote mbili nikatia ugali.

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kituo cha mabasi cha Nyabugogo. Gitaa lilikuwa limefungwa kwenye blanketi, juu ya gari, kati ya magunia. Mwalimu alishapata kiti dirishani. Dereva aliwasha injini, na ndipo nilipojisikia nikisema, kwa sauti ambayo sikuijua:

"Mwalimu, gitaa lile tumbo lake ni tupu."

"Umesema nini?"

"Halina gogo. Litapiga mluzi."

"Jana nilikuuliza, Editha."

"Nilidanganya."

Mama mmoja aliyepakata kabichi alinitazama, akamtazama mwalimu. "Mwarimu, shuka," alisema. "Huyu mtoto anatetemeka. Uongo hautetemeki hivi."

Mwalimu alishuka. Utingo alipanda juu akalalamika kwa Kinyarwanda muda wote alipokuwa anafungua kamba. Kutoka Nyabugogo mpaka Muhima ni kilima kimoja, tulikipanda kwa miguu, na mwalimu alitangulia bila kugeuka nyuma. Ningefurahi angenigombeza.

Saa moja na nusu, dukani tena. Kalisti alikuwa anafungua milango. Alipoliona blanketi, tabasamu lake likapungua.

"Bidhaa ikitoka, haitarudi, mwarimu."

"Hatujaja kurudisha," alisema mwalimu. "Tumekuja kusikia. Umeme upo?"

Ulikuwepo. Mwalimu akaomba amplifaya, akasimama hatua moja mbele yake, kama kanisani. Akaunganisha jekundu. Hata wimbo hakufika kuuanza. Ulitoka mluzi, ukapanda, ukapanda, mpaka redio ndogo zikatetemeka kwenye rafu na mtu wa barabarani akaziba masikio. Akazima. Akaunganisha la kahawia. Lilikohoa kidogo, likatulia, halafu likaimba. Ndugu zangu, ile sauti mtaisikia wenyewe Jumapili. Mimi sina maneno yake.

Kalisti alikuna kichwa kwa kalamu. "Mimi niko nauza redio," alisema taratibu. "Mimi pia ningechukua nyekundu." Kisha akalirudisha jekundu ukutani, akashusha gitaa la pili la kahawia, akayaweka yote mawili ya kahawia mbele yangu, akampita hata mwalimu. "Chagua, mademoiselle."

Hapo nilijifunza jambo lingine. Yote mawili yalitoka kiwanda kimoja. Nikayaangalia kwa jicho moja toka kichwani, kama seremala anavyoangalia ubao. Moja, lile lisilo na doa hata kidogo, shingo yake ilikuwa imepinda. Lenye rangi iliyochuruzika lilikuwa limenyooka kama mstari wa daftari. Hata kiwanda kizuri kina mafundi wawili, au fundi mmoja mwenye siku mbili.

"Hili," nilisema. Mwalimu hakuniuliza mara ya pili.

Njiani kurudi alilipakata mwenyewe. Tulipita Rwamagana, tukapita Kayonza. Alasiri tulifika Rusumo, tukavuka daraja. Katikati yake alisimama kusogeza mshale wa saa mbele.

"Ile saa moja ya bure wameichukua," alisema. Halafu: "Kwa nini ulisema 'ni zuri'?"

Maji yalikuwa yanapiga kelele, nikapata ujasiri. "Kwa sababu ulikuwa umefurahi, mwalimu."

Aliliweka gitaa vizuri kifuani. "Basi siku nyingine ukiniona nimefurahi," alisema, "gonga zaidi."

Tukatembea. Tulipokaribia malori ya upande wetu akaongeza: "Watauliza kwa nini hili haling'ai. Utawaeleza wewe."

"Nitaandika, mwalimu."

"Andika. Kisha usimame, usome."

Basi haya ndiyo niliyoandika, na kama mnayasikia, nimefika huku sauti haijakatika. Jina la nchi kwenye karatasi halimjui fundi aliyekuwa zamu siku ile. Kitu chenye sauti kubwa dukani kinaweza kuwa kitupu tu. Lakini kahawa yenu ilitaka kupotea kwa maneno yangu mawili, na hayo hayakutengenezwa kiwandani kokote. Niliyatengeneza mimi, kwa woga. Mnisamehe.

Gitaa liko hapa mezani. Naomba walioko nyuma wanyamaze kidogo. Nitagonga pembeni kwanza, halafu katikati.