Kivinjari Alichokichagua Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kukaa kwetu Kanyenye baada ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limepona, la pili lilikuwa bado linasubiri zamu yake. Alikuwa amelima tumbaku Urambo tangu ujana, nami nilijiandaa kumpokea mgonjwa wa kukaa kimya barazani. Asubuhi ya kwanza nilipomwamkia, aliitikia marahaba na papo hapo akaniuliza kama simu yangu ina bando.

"Jana timu yangu imecheza," alisema. "Nataka kusoma bao limefungwaje."

Sikujua kabisa kwamba anapenda mpira. Redio hakuitaka. Alisema mtangazaji anapiga kelele kabla yeye hajaelewa mpira uko kwa nani, lakini ukisoma unamwona kila mchezaji mahali aliposimama. Simu yake ilikuwa na kioo kidogo, kwa hiyo nikampa yangu, nikaenda kufua. Haikupita muda nikasikia ananiita.

"Mwanangu, nimeharibu simu yako. Nilikuwa nasoma mpira, sasa naona magodoro."

Tangazo lilikuwa limejitokeza katikati ya habari, na alipotaka kusogeza maandishi akaligusa. Nikamrudishia ukurasa. Akarudi kwenye magodoro. Mwishowe akaiweka simu mezani, akasema atamsubiri mwanawe, mume wangu, atoke kazini Isikizya aje amsomee. Alisema kwa upole, lakini niliona jinsi alivyoikunja miwani yake. Hakuwa mtu wa kusubiri kusomewa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Miaka yote nilikuwa natumia kivinjari kilekile kilichokuja na simu, bila kuwaza kwamba vipo vingine vya kufungulia kurasa hizohizo. Jumamosi hiyo nikapakua viwili zaidi, tukakaa sebuleni, nikafungua habari ileile ya mpira katika vyote vitatu. Nikamwambia yeye ndiye mwamuzi.

Changu kilikuwa na kasi kuliko vyote. Ukurasa ulifunguka kabla hajamaliza kuvaa miwani. Lakini tulipokuza maandishi, mwisho wa kila mstari ulikimbilia nje ya kioo. Ikabidi asukume kulia, arudi kushoto, na kila akirudi amepoteza mstari.

Cha pili kilikula bando kidogo mno, nikakisifu sana. Tena kilikuwa na sauti ya kusoma. Tukaibonyeza. Dada mmoja akaanza kusoma Kiswahili safi bila kupumzika kwenye nukta, akalipita bao la dakika za mwisho kwa sauti ileile aliyosomea kichwa cha habari.

Mama mkwe akashika shavu. "Huyu dada ametangaza bao kama anatangaza msiba!"

Tulicheka hadi miwani ikamdondoka.

Cha tatu kilichelewa kufunguka, nikataka kukifuta. Akanizuia mkono.

"Tulia. Nimekausha tumbaku siku nyingi nikilinda moto. Hiki ndicho kitanishinda kukisubiri?"

Kilipofunguka aliona alama ndogo juu, mfano wa karatasi. Akauliza ni ya nini. Sikujua, nikamwambia abonyeze. Matangazo yote yakatoweka, yakabaki maneno matupu kwenye ukurasa mweupe. Tukayakuza, yakajipanga upya ndani ya kioo. Akasoma, midomo ikicheza. Kisha akatamka jambo kwa Kinyamwezi, ambacho mimi sikijui. Nikamuuliza amesema nini.

"Nimemsifu mfungaji. Kwa Kiswahili haitapendeza."

Nilidhani tumemaliza, kumbe yeye ndiyo kwanza anaanza. "Je, nikifunga, kitakumbuka nilipoishia? Je, nikirudi shambani mtandao ukakatika, habari niliyoihifadhi itabaki?" Tukazima data, tukafungua habari aliyoihifadhi. Ilikuwepo. Hapo ndipo alipotikisa kichwa kukubali. Nilimtazama kwa heshima mpya, kwa maana mimi nilikuwa nimekaa na changu miaka yote bila kukiuliza swali hata moja.

Nami nikahamia hichohicho. Ninaandalia masomo humo kila siku, kwa maandishi makubwa, na maumivu ya kichwa ya jioni niliyokuwa nikiisingizia chaki yamepungua.

Jumapili moja timu yake ilikuwa imecheza tena. Mume wangu alikuwa amesikia matokeo redioni. Mama yake alirudi kutoka kanisani, akavua viatu, akafungua simu yangu na kuanza kutusomea taratibu tangu dakika ya kwanza. Mume wangu akafungua mdomo. Nikamkazia macho, akaufunga. Tukasikiliza mpira wa kona, kadi ya njano, shuti lililogonga mwamba. Mama mkwe alipofika kwenye bao alipandisha sauti, na mume wangu akaruka kutoka kwenye kiti akishangilia kama mtu asiyejua lolote.