Sare ya Bi Mwaija

Shamsa ni wifi yangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Ni fundi cherehani hapa Igogo, mkono wake mzuri, roho yake nyepesi mno. Ukimsifia nguo asubuhi, jioni anakushonea nyingine bure. Ndiyo maana chuo cha biashara kilipotafuta mahali pa kuwapeleka wanafunzi wa Kiholanzi, waliokuja kwa wiki mbili kujifunza jinsi biashara ndogo zinavyoendeshwa, nilijua watamwangukia yeye.

Walikuja na Elias, mwanafunzi wa hapa hapa Mwanza, aliyekuwa mwenyeji na mkalimani wao. Kwanza walitaka kujua kwa nini hajabandika bei ukutani. Shamsa akawaambia bei haiji kabla ya salamu, maana kwenye salamu ndipo anapojua kama mteja anakwenda msibani au harusini, ana haraka au ana shida. Wakaandika. Nao wakamshauri apige picha kila nguo kabla haijaondoka, awatumie wateja kwenye simu. Akajaribu, na kabla wageni hawajamaliza muda wao alikuwa anapata oda hadi za Mkolani. Binti mmoja, Femke, alijifunza kutumia pasi ya mkaa akaipenda kuliko somo lenyewe. Mimi nauza chapati mlango wa pili, na sijawahi kuona kibanda kile kikichangamka namna ile.

Wakati huohuo Shamsa alikuwa anashona sare ya Bi Mwaija. Bi Mwaija alikuwa anamfanyia binti yake sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, na alinunua jora zima la kitenge cha zambarau chenye ndege wa njano ili upande wa bibi harusi wote uvae namna moja. Ni mama mwenye heshima zake. Akikutaja vizuri, Igogo nzima inakuletea nguo. Akikutaja vibaya, funga cherehani ukalime. Alimwambia Shamsa, "Kitambaa hiki ni cha ndugu. Nisikione kwa mtu baki."

Sasa, vitambaa vinavyobaki kwa fundi mnajua vinakwenda wapi. Vilibaki vingi, wageni walikuwa wanakaribia kuondoka, na Shamsa akawashonea mashati ya kuwaaga. Nikamwambia, "Wifi, Bi Mwaija atakumaliza."

"Watavaa kwao huko Uholanzi," akanijibu. "Bi Mwaija atawafuata?"

Ila wageni wenyewe hakuwaambia wasubiri wafike kwao.

Siku ya sendofu Shamsa alikuwa ukumbini kurekebisha gauni la bibi harusi, nami nimemsindikiza. Tukamkuta Bi Mwaija amekaa pembeni, macho mekundu. Ndugu zake walikuwa wanatoka Ukerewe, na ziwa lilikuwa limechafuka tangu alfajiri. Hakuna chombo kilichovuka. Upande wa bwana harusi, watu wa Butimba, ulikuwa umeshajaza viti, matarumbeta juu. Yeye alikuwa na kaka yake na mashangazi wachache. Sendofu bila ndugu ni aibu, jamani, hata pilau iwe tamu vipi. Nilimhurumia sana.

Hapo ndipo Elias alipoingia na wageni wake kumuaga Shamsa, wote ndani ya zambarau na ndege wa njano. Shamsa aliniminya mkono hadi nikaumia. "Nimekwisha, wifi," akaninong'oneza.

Femke akapiga goti kama tulivyomfundisha. "Shikamoo, mama."

Bi Mwaija akaliangalia shati, akamwangalia Shamsa, akarudi kwenye shati. "Marahaba," akasema taratibu. Kisha akainuka. "Mnajua kucheza?"

Elias akatafsiri. Wakasema wanaweza kujaribu.

Hawakuweza. Lakini waliingia ukumbini nyuma ya mashangazi, wakitikisa mabega ovyo kwa furaha, na Butimba nzima ikainuka vitini kuwatazama. Mimi nilicheka hadi nikashika ukuta.

Ikaja zamu ya utambulisho, ambapo kila upande hutaja ndugu zake na undugu wao, mmoja mmoja. Kaka yake Bi Mwaija akawataja mashangazi vizuri. Alipofika kwa Femke akakwama, kipaza sauti mkononi. Mshenga wa Butimba akauliza kwa utani, "Na hao weupe ni wa tumbo gani?" Ukumbi ukacheka. Wifi yangu alikuwa nyuma ya pazia, amefumba macho.

Bi Mwaija akachukua kipaza sauti. "Hao ni watoto wa mdogo wangu Shamsa, fundi," akasema. "Ndugu zangu wamezuiwa na ziwa, yeye kaniletea wengine. Shamsa, toka huko nyuma wakuone."

Alitoka akilia na kucheka kwa pamoja, midomo imebana pini za gauni. Ilibidi azitoe kwanza ndipo apige kigelegele.