Meno ya Watoto wa Kisima Kile

Mama alikuwa na meno meupe mpaka uzeeni, na hilo ndilo lililoniponza. Watu waliyatazama ya kwake, wakayatazama yangu yenye madoa ya kahawia, wakaamua kwamba mimi ni mchafu. Uchafu gani! Nilipiga mswaki wa mti kila asubuhi. Siku wageni wa posa walipokuja kutoka Ushirombo, mama alinisugua kwa majivu na mchanga mpaka fizi zikatoa damu.

Shangazi wa mchumba hakungoja hata nicheke. Nilipomwamkia alinishika kidevu, akanipandisha mdomo kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.

"Huyu anatafuna tumbaku."

"Hapana, mayu. Mwanangu hajawahi kuigusa," mama akasema.

"Basi ni ugonjwa wa ukoo wenu."

Hapo mdogo wangu akaingia na maziwa. Alilelewa na bibi yetu huko Kharumwa, na kwetu Songwa alikuwa amerudi mwaka ule tu. Akatabasamu kwa adabu. Shangazi akamgeukia baba: "Huyu tutamchukua." Baba akakubali. Amekwisha kufa, na bado sijamsamehe.

Mimi sikuolewa. Baadaye mdogo wangu na mumewe walihamia kwetu kulima pamba, nami nikamlea mtoto wao mgongoni. Meno yake ya utoto yalikuwa meupe. Yalipong'oka, yakaota mengine yenye madoa kama yangu. Wakati huo nilikuwa nimeshaelewa: sisi tuliokua tukinywa maji ya kisima chetu tulikuwa hivyo sote, na waliohamia wakiwa watu wazima, kama mama, hawakupata doa. Nilimwambia shemeji. Akanicheka, akasema maji yale ni matamu na hayana hata tope.

Shangazi yake akaja kuwatembelea. Akamfunua mtoto mdomo, kisha akanikazia macho.

"Nani amemlea huyu?"

Mdogo wangu alijua vizuri nilivyompenda mwanawe. Akainama.

"Dada."

Ikaamuliwa kwamba nimemwambukiza. Jioni ile mtoto akakatazwa kula nami chungu kimoja na kulala kwangu. Alilia sana, maana alinizoea kuliko mama yake. Wakambembeleza, wakampa kata ya maji niliyoyachota mimi kisimani asubuhi, akanywa yote, akanyamaza.