Mtumbwi wa Mbao za Papi

Mume wangu alikuwa seremala wa milango, madirisha na vitanda, na katika miaka yote niliyoishi naye hapa Mkunya, Newala, sikuwahi kumwona akiingia mtoni zaidi ya magoti. Sisi watu wa huku juu maji tunayajua ndani ya ndoo. Tunayapangia foleni bombani, na bomba likikauka tunateremka kuyafuata bondeni. Ndiyo maana watu walicheka walipomwona anaunda mtumbwi chini ya banda letu la bati, katikati ya vitanda vya wateja ambavyo havijaisha.

"Fundi," jirani yetu alimwambia, "hicho chombo utakielesha kwenye ukungu?"

"Kwenye ukungu," akamjibu, akaendelea kupiga randa.

Mtumbwi ulikuwa wa dada yake. Wifi yangu huyo, mkubwa kwetu sote wawili, alikuwa mjane mwenye shamba la mpunga huko bondeni, ng'ambo ya mkono mmoja wa Ruvuma. Mto ule hautulii mahali pamoja. Mvua zikinyesha unajaa, na kiangazi unajivuta katikati na kuacha mchanga mpana ambao mtu anautembea mpaka anachoka kabla hajafika majini. Wifi alikuwa na mtumbwi wa gogo, aliochongewa na marehemu mumewe, mzito kama ng'ombe aliyekufa. Kila safari ilibidi aukokote juu ya mchanga huo.

Siku moja alipanda kuja kututembelea. Nikamwamkia, "Shikamoo, wifi," akaitikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye namna alivyokaa: alishika ukuta kwanza, kisha goti, kisha akajiachia chini.

"Mwaka huu huenda nisilime ng'ambo," alisema. "Jembe naliweza. Mtumbwi ndio unaonishinda."

Mume wangu hakuwa mtu wa kuahidi. Lakini baada ya siku chache aliniita bandani akanionyesha kitu kwenye simu. Watu wa nchi fulani ya mbali walikuwa wanaunda mtumbwi bila gogo. Walichukua vipande vya mbao virefu na vyembamba, vile ambavyo mafundi wetu wanaviita papi, wakavipanga ubavu kwa ubavu kwa gundi juu ya mbavu za muda, wakapiga msasa, kisha wakavika kitambaa cha faiba na kukipaka dawa nzito inayogeuka ngumu kama kioo. Mwishoni mtu mmoja aliuweka begani na kuondoka nao peke yake.

"Umeona?" akaniuliza. "Mtu mmoja."

Alikwenda Masasi kutafuta mbao za paini, akazipasulisha huko kwenye mashine, akarudi na mafungu ya papi juu ya lori la mtu aliyekuwa anapanda Newala. Dawa na kitambaa vilitoka Dar es Salaam kwa basi. Kwa kuwa hakuwa na msaidizi, alinitaka mimi nishike upande wa pili.

Naikumbuka kazi ile kuliko harusi yetu. Kabla ya hapo banda lilikuwa lake. Mimi nilileta chakula na kuondoka na sahani. Sasa tukawa tunasimama huku na huku, yeye akipaka gundi, mimi nikikunja papi polepole mpaka ikubali kufuata umbo, naye akiifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Kama nikiharakisha alisema, "Taratibu, mama. Mbao inasikia." Jioni vidole vyetu vilikuwa vimegandamana kwa gundi, tukakaa kizingitini tukiibandua. Mtumbwi ukaanza kupata tumbo. Upande wa kulia ukafungwa wote. Wa kushoto ulibaki nusu.

Asubuhi moja nilikuwa naosha vyombo nikasikia randa imenyamaza. Sikujali, maana fundi hupumzika. Kimya kilipozidi nilikwenda, nikamkuta amekaa juu ya maranda, mgongo umeegemea mtumbwi, mdomo umevutwa upande mmoja. Alikuwa ananitazama. Nilimwita, naye akanitazama tu.

Ilikuwa kiharusi. Tulikaa wiki nyingi Masasi kwa binti yetu, tukienda na kurudi hospitalini. Tulipopandishwa tena Newala, mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, mguu unaburuta, na maneno yote yalikuwa yameondoka isipokuwa moja. Neno lenyewe ni "bado". Sijui kwa nini lilibaki hilo. Akitaka uji alisema bado. Akitaka kugeuzwa alisema bado. Akishiba, akiumwa, akimwona mgeni mlangoni, bado, bado. Mara ya kwanza wajukuu walidhani babu anawatania.

Niliamua kuumaliza mtumbwi mwenyewe. Nilidhani ukimalizika kitu fulani kitamrudia. Nilimkalisha kwenye kiti mlangoni mwa banda, blanketi mabegani, nikapanga papi zilizobaki kama nilivyomwona akipanga. Nilipokosea alitikisa kichwa, nilipopatia alifumba macho kidogo. Tuliweza. Upande wa kushoto nao ukafunga, si laini kama wake, lakini ukafunga, na jirani yule aliyecheka akaja kunisaidia kupiga msasa bila kuitwa.

Ikabaki kuvika kitambaa na kupaka dawa. Huo ulikuwa msimu wa baridi, ule ambao ukungu unakaa Newala mpaka saa nne na nguo zilizoanikwa hazikauki. Wifi alikuwa ametuma salamu kwamba maji yamepungua na mchanga umeanza kutoka. Asubuhi moja, ukungu ukiwa umetanda, nilivika kitambaa nikachanganya dawa. Nilipoinua brashi mume wangu akasema, "Bado."

Nikampelekea maji. Akayasukuma kwa mkono mzima, yakamwagika. "Bado. Bado."

"Unataka ndani?"

"Bado," akasema, na sauti yake ikapanda, na machozi yakamtoka jicho moja. Nikamfunika vizuri. Nikamwambia, "Tulia, baba, nakaribia kumaliza." Alipiga kiti kwa kiganja mara nyingi. Nilidhani ni yale maradhi. Walituambia huko hospitalini kwamba mgonjwa wa namna hii hupandwa na hasira bila sababu. Nilipaka mtumbwi wote, ndani na nje, huku yeye akilia nyuma yangu.

Ulikauka ukiwa unanata kidogo. Baadaye jua lilipotoka ukang'aa, nikaona umekuwa mzuri kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka bandani kwetu.

Wifi aliupokea kwa mikono miwili. Mwanawe alisema mama yake anaubeba begani na kuvuka mchanga akiimba. Alilima ng'ambo, mvua zikaja, akapalilia, akalinda ndege. Mvua zikapita. Wakati wa kuvuna, mto ukiwa bado una nguvu, alipakia magunia ya mpunga na kushika kasia. Katikati ya maji akasikia miguu imelowa. Kitambaa kilikuwa kimebambuka upande wa kushoto, na papi zilikuwa zinaachana moja moja. Aliruka akashika mzizi uliotokeza kwenye kisiwa cha mchanga, akakaa hapo mpaka watu wa mitumbwi ya magogo walipomfuata. Mpunga wote wa mwaka ulikwenda na maji. Mtumbwi ulikutwa chini huko, umepasuka.

Alipanda kuja kutuambia mwenyewe. Nilimwomba tumfiche mgonjwa, akakataa. "Ni ndugu yangu. Hatujawahi kudanganyana." Akakaa kando ya kitanda, akamshika ule mkono unaosikia.

"Mtumbwi wako ulikuwa mwepesi sana, kaka," alimwambia. "Umenivusha msimu mzima. Kisha gundi ikaachia."

Mume wangu alinigeuzia macho. Hayakuwa macho ya hasira. Alinitazama kama fundi anavyomtazama mtu aliyeshika upande wa pili wa mbao ndefu, na hapo ndipo nilipoelewa kile alichokuwa ananiambia katika baridi ile. Dawa ile haitaki ukungu. Mbao ilikuwa na unyevu. Alikuwa na neno moja duniani, na asubuhi hiyo lilikuwa ndilo hasa.

"Nimekusikia sasa," nilimwambia.

Akageuka ukutani.

Tangu siku hiyo hajasema kitu. Binti yetu alikuja kutoka Masasi, akamkalisha, akamwimbia, akamlisha mwenyewe. Alikula. Macho hakumpa. Wataalamu walimpima tena wakasema kiharusi hakijarudi.

Wifi hakurudi bondeni. Shamba la ng'ambo amelichukua mtu mwingine, na yeye sasa analala chumba cha mbele. Asubuhi tunasaidiana kumwosha kaka yake, yeye kichwani, mimi miguuni. Zamani alikuwa akinisimulia habari za mpunga, ndege gani wamekuja, maji yamefika wapi. Siku hizi tunafanya kazi kimya, tunambadilishia shuka, tunamgeuza upande ambao hakulalia. Kisha mimi natoka na ndoo kwenda foleni, na wifi anabaki akimsugua mgongo kaka yake aliyegeukia ukutani, akisubiri nirudi ili tumgeuze tena.