Vidole vya Eneless

Mke wangu Eneless alizaliwa kisiwani Kilwa, kile cha ziwa Mweru, akafa Nchelenge katika mvua za mwaka 1955. Kati ya hapo alifinyanga vyungu. Vingine bado vinashika maji katika nyumba za watu huku Mweru.

Kidole chake cha mwisho, mukono wa kuume, hakikuwa na ncha. Kilibanwa na mutumbwi akiwa musichana. Kwa hiyo alipochimba udongo kwa vidole, ukutani mwa shimo la kijitoni ilibaki mistari mitatu mirefu na mumoja mufupi.

Alipokufa, Matildah, aliyekuwa akichimba naye, alisema hawezi kuingia shimo lile peke yake. Akahamia Kashikishi. Shimo likabaki kwangu. Kila Jumapili, tukitoka kanisani, nilishuka pale kijitoni nikatia vidole vyangu katika mistari yake. Vyangu ni vinene. Havikuingia vizuri.

Mistari ya juu mvua ilikwisha kuila. Ilibaki ya chini, pale ukingo unapoifunika kidogo. Mahali patano tu. Na mvua zingine zilikuwa karibu.

Mwezi wa kumi akaja muzungu wa mawe na kapita wake, musimamizi wa kazi, Davison, mutu wa Elisabethville. Zamani nilifanya kazi ya mugodi kwao Katanga, basi tulisemezana Kiswahili. Davison aliponikuta shimoni alicheka, akaniita tata kama baba yake.

"Tata, huku ni kwa bamama. Na wewe unataka kufinyanga?"

"Naangalia tu."

"Angalia leo, basi. Kesho tunakata ukuta huu. Muzungu anautaka."

Muzungu alikuwa ametoa jiwe jeusi chini ya udongo. Akalitia kisu pembeni, likafunguka kama Biblia. Akanipa kioo cha kukuzia, akanionyesha kwa kidole.

Ndani kulikuwa na kidudu cha maji, namna ya uduvi, kidogo kuliko punje ya ulezi. Miguu yake yote ilikuwapo. Miguuni kulikuwa na nywele. Mugongoni, mayai mawili.

"Cha lini hiki?"

Davison akamuuliza muzungu, akarudi kwangu. "Zamani, tata. Hata babu ya babu yako hakuwako."

"Na nywele hazikuoza?"

"Kilikufa, matope laini yakakifunika upesi. Hewa haikuingia. Hakuna aliyekigusa. Bon, njo vile, ndivyo tu."

"Na jiwe, mbona linafunguka bila kukiharibu?"

Akanionyesha mustari mwembamba mweupe kati ya tabaka na tabaka. "Vumbi hili. Linazuia zisishikane."

Eneless alipopanga chungu kibichi juu ya kingine, alinyunyiza majivu katikati. Nilimwona miaka thelathini. Sikumuuliza kwa nini hata siku moja.

Nikasema, "Davison, mwambie akate upande wa matete. Ukuta huu ni wa mke wangu."

"Yuko wapi, tumuombe yeye?"

"Nyuma ya kanisa. Tulimuzika mwaka jana."

Davison akavua kofia. Akasema na muzungu maneno mengi. Muzungu akainama mbele ya mistari, akaifuatisha kwa kidole bila kuigusa. Pale penye mustari mufupi alisimama kidogo. Kisha akasema kule kwenye matete tope ni baya, mayai hayataonekana. Lakini akachukua nyundo yake akaenda kule.

Jioni ileile nilikwenda pale Eneless alipochomea vyungu, nikajaza majivu kofiani. Nikayapuliza katika mistari, polepole, mpaka yote ikawa myeupe. Nikachukua tope la chini kabisa, lile laini, nikalikanda kama nilivyomwona akifanya. Nikaanza kufunika.

Davison alikuwa amesimama ukingoni, juu yangu.

"Tata, ukiifunika hutaiona tena."

"Ndiyo."

"Na Jumapili utakuja kufanya nini hapa?"

Niliendelea kufunika. Nilipofika mahali pa tano, nilitia vidole vyangu kwanza. Majivu yalikuwa baridi. Nikavitoa, nikayapuliza tena pale nilipoyaharibu, nikafunika.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi.

Jumapili nilitoka kanisani nikasimama barabarani. Watu walinipita, wakanisalimu, nikaitika. Miguu ilitaka kushuka kijitoni. Nikaizuia, nikaenda nyumbani.