Fundi Komba agoma kulizika tao kwenye zege

Baridi ya Novemba imeshaanza kuuma Saint Paul, Marekani. Nyuma ya kanisa moja la matofali mekundu, Anselm Komba amepiga magoti ndani ya hema la nailoni, nyundo mkononi. Mbele yake kuna tao la mawe ya rangi ya asali, limeegemea fremu ya mbao, na fremu imekalia kabari. Kabari zikitoka, fremu itashuka na tao litabaki lenyewe.

Au litaanguka. Hilo ndilo wanalosubiri kuliona wanakamati wa kanisa, waliojipanga kando wakiwa na makoti yao mazito na vikombe vya kahawa.

"Mzee Komba, si uanze?" anauliza Harrison, Mkenya mwenye kampuni ya ujenzi iliyomwajiri. "Watu wana-freeze hapa."

"Wasubiri. Mawe yamesubiri karne nzima," anajibu Komba bila kugeuka.

Huyu mzee hakimbizwi. Ni mwashi mzaliwa wa Ruvuma, umri wake umeshavuka sitini, na goti la kushoto halitaki tena kusikia habari za ngazi. Binti yake Irene, muuguzi anayeishi naye mjini Fridley, humwambia kila asubuhi kwamba umefika wakati wa kustaafu. Kila asubuhi yeye humjibu kwa kufunga kamba za buti.

Mawe anayoyazungumzia yametoka mbali. Yalikuwa ya monasteri ya Val-Sorène, iliyojengwa karne ya kumi na mbili juu ya mlima kusini mwa Ufaransa. Watawa walikosa uwanja tambarare, wakachimba ubavu wa mlima. Kanisa likakaa juu, vyumba vya kulala chini yake, na katikati ukawekwa ua uliozungukwa na matao. Ua wenyewe haukuwa mraba. Upande mmoja ulibanwa na genge la mlima, hivyo kila tao likapewa upana wake.

Baadaye vita vikapanda mlima. Askari walichoma paa, watawa wakatawanyika, na wachungaji wakabeba mawe kwenda kujengea mazizi ya kondoo. Mengine yalinunuliwa na tajiri mmoja wa viwanda vya unga wa Minneapolis, aliyetaka kupambia bustani yake. Akafariki kabla ya kuyatumia. Makasha yakaishia kwenye ghala la kanisa hili, paa likavuja, na namba zilizopakwa kwenye mawe zikafutika.

Hapo ndipo lilipoanzia kosa la Komba, na yeye wala halifichi.

Uashi alifundishwa ujanani na bruda wa abasia moja ya kwao. Bruda yule alitaka kila jiwe la tao lichongwe alama ya mahali pake kabla ya kupandishwa. Kwa hiyo Komba alipofungua makasha na kukuta alama kwenye mawe, msalaba hapa, mshale pale, alifurahi kama aliyeokota pochi. Akayapanga yenye mshale kushoto, yenye msalaba kulia, akaanza kujenga.

Tao likakataa kufunga. Jiwe la juu kabisa, linaloyashika mengine yote, lilipwaya kiasi cha kupitisha ngumi.

"Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto," anasema.

Aliyeligundua tatizo ni Chepkemoi, Mkenya anayesomea historia ya majengo chuo kikuu, ambaye kanisa lilimwomba ushauri.

"Mzee, hizi mark si za position," alimwambia. "Kila fundi alikuwa na yake. Alikuwa anachonga kwa mawe yake, ndio siku ya kulipwa ijulikane kazi ni ya nani."

Komba akaanza kucheka peke yake. Alikuwa amemkumbuka baba yake. Kijijini kwao familia kadhaa zilichoma matofali katika tanuru moja, na kila familia ilitia alama tofali likiwa bado bichi ili watu wasigombane tanuru likifunguliwa. Ya kina Komba ilikuwa mikwaruzo miwili ya vidole, sambamba.

"Nimekua nikitia alama hiyo mwenyewe, kwa vidole hivi," anasema akivinyoosha. "Halafu nakutana na jambo lile lile Marekani, nisilitambue!"

Kamati haikuona cha kuchekesha. Iliamua mawe yabandikwe kwenye ukuta wa zege, yawe urembo, mambo yaishe kabla ya theluji. Harrison alikubali. Komba aliweka nyundo mezani, mbele yao wote.

"Niliwaambia tao siyo picha ya kutundika. Tao linabeba. Mkilizika kwenye zege mmeiua kazi ya wale mafundi mara ya pili. Nimekosea mimi, nitabomoa mimi, nitajenga mimi. Asiyetaka aje anitoe."

Harrison anakiri alitamani kumfukuza. "Nilimwambia, Mzee, utanipotezea contract. Akanikalia ngumu. Sasa ningefanyaje? Hao wengine wote wanajua tu ku-pour concrete."

Basi akapewa nafasi ya mwisho, hadi theluji ya kwanza. Safari hii aliyalaza mawe yote kwenye sakafu ya ukumbi wa kanisa, akayalinganisha kwa unene na mkato, huku Chepkemoi akishika picha ya zamani ya magofu na kubishana naye kila hatua. Jiwe moja lilikuwa limepasuka vibaya, akachonga jipya. Yote akayaunganisha kwa chokaa na mchanga. Ndiyo sababu ya hema na hita, kwani chokaa ikigandishwa na baridi kabla ya kushika hugeuka unga.

Sasa anagonga. Kabari ya kwanza inatoka, halafu ya pili. Fremu inashuka taratibu, tao linatoa mlio mdogo, mchanga kidogo unadondoka.

Linasimama.

Harrison anajishika kichwa kwa mikono miwili. Chepkemoi analia bila kujificha. Komba anajiinua kwa shida na kupita chini ya tao, wa kwanza, akichechemea.

Ndipo mwanakamati mmoja anapoinua macho. Juu, upande wa mbele, jiwe jipya lina mistari miwili iliyochongwa sambamba. Anamwambia Harrison kwamba mkataba unakataza mjenzi kuweka alama yoyote, na Harrison anatafsiri kwa sauti ya mtu anayeomba amani.

Komba anafuta vumbi mikononi. Amejenga ngazi, mabomba ya moshi na kuta kuanzia Champlin hadi hapa, na hakuna hata ukuta mmoja unaomjua.

"Mwambie nimesikia," anasema. "Mwambie pia kuna matao mengine ghalani, na mipango yangu ni kuyasimamisha yote. Sistaafu."

"Na alama, Mzee?"

"Anayetaka kuitoa, aanze kwa kulibomoa tao."